Nilifuata Zafarani, Nikarudi na Habari ya Njia

Aliyesoma chuo cha Kurani miaka ile yetu hana haja ya kuelezwa zafarani ni kitu gani. Kabla hajaijua katika biriani aliijua katika sahani. Mwalimu alikuwa akiiroweka kwa marashi ya mawaridi, akachovya kalamu yake ya mwanzi, akaandika aya kwenye sahani nyeupe, kisha maandishi yakaoshwa kwa maji na mgonjwa akapewa anywe. Hilo ndilo kombe. Sisi watoto tuliotumwa dukani tulipewa zafarani ndani ya kikaratasi kilichokunjwa mfano wa hirizi, nasi tulionywa tusikifungue njiani, kwani upepo mmoja tu ungetosha kupeperusha jasho la mtu la siku mbili.

Basi mtanisamehe nikisema kuwa niliposikia uko mji Uingereza unaoitwa kwa jina hilo, sikuamini. Mji wenyewe ni Saffron Walden, katika jimbo la Essex, na hilo neno Saffron ni zafarani yetu hiyo hiyo. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, lakini asili yake ni Kiarabu. Mpwa wangu anafanya kazi Cambridge, naye amepanga nyumba katika mji huo pamoja na mkewe na binti yao wa miaka sita. Oktoba mwaka 2024 walinialika nikae kwao wiki tatu, nami nikaenda.

Nimewaona wenzangu wengi wakirudi kutoka Uingereza na hadithi za maduka ya London, za magari moshi yaendayo chini ya ardhi, na za baridi. Hizo zote ni kweli. Lakini rai yangu ni kwamba mtu akitaka kumjua Mwingereza, asimtafute London, ambako hata yeye mwenyewe Mwingereza ni mgeni. Amtafute katika mji mdogo wa soko, siku isiyo na mvua (akiipata), avae viatu vya kukanyagia tope, atembee.

Mji wa soko kwao ni mji uliopewa ruhusa, tangu zama za wafalme, kuwa na soko la siku maalumu ambalo watu wa vijiji vya kando hulijia. Huu ulipata soko lake mwaka 1141, lilipohamishwa kutoka kijiji cha jirani kiitwacho Newport. Zamani uliitwa Chipping Walden, na Chipping maana yake ni soko. Zafarani ilipotia fora, jina la soko likaondoka, likaingia jina la bidhaa. Soko lingali lipo, Jumanne na Jumamosi, nami nililitembelea mara nne. Nikakuta samaki, jibini, maua na vitambaa. Zafarani sikuiona.

Hilo ndilo la kwanza ninalopaswa kuwaeleza, maana najua ndilo mnalolingojea. Nilishuka kwenye gari moshi nikitazamia makonde ya rangi ya zambarau. Hakuna kitu. Kilimo hicho kilistawi hapo kwa karne kama tatu hivi, kikafa katika karne ya 18. Kasisi mmoja wa kijiji cha Radwinter, jirani na hapo, jina lake William Harrison, aliandika katika karne ya 16 jinsi kilivyoendeshwa. Ua huchanua Oktoba, na ndani yake mna nyuzi tatu nyekundu ambazo ndizo zafarani yenyewe. Gramu moja tu yataka maua kama 150, na kila ua lachumwa kwa mkono. Sasa naelewa kwa nini tulikatazwa kukifungua kile kikaratasi. Wana hadithi yao kwamba haji mmoja wa Kikristo aliyekwenda kuzuru Mashariki aliiba kitunguu kimoja cha zafarani, akakificha ndani ya bakora iliyotobolewa, akaja nacho kwao. Siishuhudii hadithi hiyo. Ila naipenda, kwa kuwa ni mara chache kuwasikia Waingereza wakiungama kwa fahari kwamba kitu chao kizuri ni cha wizi.

Tuje kwenye matembezi.

Upande wa mashariki wa mji uko uwanja wa majani uitwao Common, yaani uwanja wa wote. Hauna geti wala bawabu. Watu hukatiza hapo wakienda madukani, watoto hucheza mpira, wazee hukaa kwenye mabenchi wakatazama wapitao kama tukaavyo sisi barazani. Mwaka 1252 mashujaa wapanda farasi walifanya hapo mashindano ya mikuki, na mmoja wao akauawa. Siku hizi hatari iliyobaki ni mbwa, nami nitawaeleza habari zao baadaye.

Pembeni mwa uwanja huo pamechorwa katika majani kitu ambacho wazee wetu wangekiita mzingile-mwambiji. Ni njia nyembamba ya matofali iliyolazwa chini, inazunguka na kujizungusha katika duara kubwa lenye pembe nne zilizotokeza nje. Maandishi ya kwanza yanayoutaja ni ya mwaka 1699, ulipokuwa ukichongwa upya, na hakuna mwingine wa majani mkubwa kuushinda katika Uingereza nzima. Ukiutazama waona ni mchoro tu, hauchukui hatua nyingi kuuvuka. Ukiufuata kwa miguu, njia yake ni karibu maili moja.

Binti ya mpwa wangu alinishika mkono akaniambia, "Babu, usikanyage majani. Ukikanyaga majani umekufa." Tukaanza. Mzunguko wa tatu nilikuwa karibu na kitovu kiasi cha kukigusa kwa bakora. Mzunguko wa nne njia ikanitupa nje kabisa, ukingoni. Ikanirudisha, ikanitoa tena. Hakuna njia panda hata moja, kwa hiyo mtu hawezi kupotea. Anachoweza ni kuchoka akaruka mistari, na hapo hakuna wa kumzuia ila nafsi yake. Nilikumbuka kuhifadhi juzuu. Sura fupi fupi wazidhania utazimaliza wiki hii, mara mwalimu akurudisha mwanzo. Tulipofika kitovuni kichwa kilikuwa chanizunguka, na mtoto alikuwa amekwisha kufika zamani, amekaa chini ananicheka. Yasemekana vijana wa kale walishindania mzingile huo kwa dau la pombe. Sisi dau letu lilikuwa aiskrimu, nami nikalipa.

Bustani ya Bridge End nitaipitia haraka, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa uzuri wa bustani ukielezwa sana huwa kama manukato ya kusimuliwa. Ilianzwa na mtu wa ukoo wa Gibson yapata mwaka 1840. Hao walikuwa wenye benki, na katika dini walikuwa Makweka, madhehebu ya Kikristo yasiyopenda makuu. Ni bustani saba zilizoungana, moja yafungukia nyingine mithili ya vyumba vya nyumba ya kale ya Lamu, na ndani yake mna mzingile mwingine, huu wa kuta za miti, wenye njia panda za kupoteza watu kwelikweli. Bustani hii ilipata kuachwa ikawa kichaka, na hiyo miti ya mzingile ikapandwa upya katika miaka ya 1980. Kuingia ni bure. Nenda asubuhi, ukae karibu na mawaridi hata kama msimu wake umepita.

Siku nyingine mpwa wangu alinipeleka Audley End. Unateremka kichochoro kiitwacho Abbey Lane, na upande mmoja wa kichochoro hicho ziko nyumba za maskini wazee wa mji. Kazi hiyo ya hisani ilianzishwa mwaka 1400, na jengo lililopo sasa ni la miaka ya 1830. Nilisimama kulitazama kwa muda. Sisi tungeliita wakfu, na mtu angeuliza mara moja msimamizi wake ni nani na hesabu iko wapi. Ukilipita jengo hilo wafika penye lango, na ukilipita lango umo ndani ya mbuga ya bwana mkubwa.

Na bwana huyo alikuwa mkubwa kweli. Thomas Howard, Earl wa Suffolk, alijenga jumba hapo mwanzoni mwa karne ya 17, naye akawa mweka hazina wa ufalme. Inasimuliwa kwamba Mfalme James alisema nyumba ile ni kubwa mno kwa mfalme, lakini huenda ikamfaa mweka hazina. Mfalme hakuwa akitania bure. Mwaka 1619 yule bwana alitiwa hatiani kwa kula mali ya umma, yeye na mkewe wakatiwa ndani ya Mnara wa London kwa siku chache. Jumba lililopo leo ni sehemu tu ya lile la kwanza, na hiyo sehemu peke yake yamshinda mtu kuimaliza kwa macho. Wasomaji watanisamehe nikicheka peke yangu hapa.

Mbuga inayolizunguka ni kazi ya fundi maarufu wa mandhari, Lancelot Brown, aliyeanza hapo mwaka 1763. Alichukua mto mdogo, Cam, akaupanua ukawa kama ziwa, akapanda miti huku na kule kana kwamba imejiotea. Ukitazama wadhani hakuna mkono wa mtu uliopita. Nilipoambiwa kuwa kilima na maji na kivuli vyote vilipangwa, nilihisi nilivyohisi siku nilipojua kwamba mshairi mmoja niliyemhusudu alikuwa akiandika ubeti mmoja mara ishirini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jumba hilo lilitumika kuwafunza Wapolandi waliokuwa wakirushwa kwa miavuli kurudi kupigana nchini kwao kwa siri, na uko ukumbusho wa 108 kati yao waliokufa. Mwaka 1948 serikali ililinunua. Kuingia ndani ya jumba na bustani zake ni kwa tikiti, na tikiti yenyewe si ya mchezo. Lakini ile njia inayopita mbugani kutoka Abbey Lane haina tikiti. Unatembea, unamwona bata maji mweupe, unaliona jumba kwa mbali, unamsalimu mwenye kukupita, unakwenda zako.

Tulisali adhuhuri hapo chini ya mti, mimi na mpwa wangu. Yeye alikuwa na haya kidogo, kijana wa siku hizi, alitazama huku na huku. Akapita mama mmoja na mbwa, akamvuta mbwa wake kando, akasubiri mbali mpaka tulipotoa salamu. Nikamwambia mpwa wangu, "Wewe ulikuwa ukimwogopa nani?"

Na hapa nitoe onyo nililoahidi. Waingereza hutembea na mbwa kama sisi tutembeavyo na tasbihi, na aghalabu huwafungua kamba. Mbwa mwenyewe hana uadui, atakujia kwa mapenzi akuruke na ulimi nje. Sasa mapenzi hayo kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi ni maji mara saba, na moja yake kwa udongo. Vaa suruali ya pili, au beba bakora, na useme mapema kwa sauti ya upole kuwa huwapendi mbwa. Watakuelewa. Kanzu iache nyumbani, si kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya tope.

Yote hayo niliyoyataja, uwanja na mizingile na mbuga, mtu aweza kuyaona akapiga picha akarudi. Lililonifanya nikae kuandika makala haya ni jambo dogo ambalo halina hata jina la kuvutia.

Jirani wa mpwa wangu ni mwalimu mstaafu, mzee wa miaka zaidi ya sabini. Siku ya Jumapili alibisha mlango akaniuliza kama ningependa kutembea naye. Nikasema ndiyo. Akatazama viatu vyangu, akatikisa kichwa, akaniletea mabuti ya mpira ya marehemu kaka yake. Tukatoka nje ya mji, tukaiacha barabara, tukapita kilango cha mbao kinachopitisha mtu mmoja mmoja ili ng'ombe wasitoke, tukajikuta mbele ya konde kubwa la ngano changa, imechipua kiasi cha kidole. Na katikati ya konde, moja kwa moja mpaka upande wa pili, umepita mstari mmoja wa udongo uliokanyagwa.

Mzee akaanza kuukata. Mimi nikasimama. Nimelelewa kujua kuwa hukanyagi shamba la mtu lililopandwa.

Nikamwambia, "Bwana, mwenyewe akituona je?"

Akageuka. "Ametuona," akasema, na kweli kulikuwa na trekta pembeni na mtu juu yake, naye akainua mkono. "Shamba ni lake. Njia si yake."

Maneno hayo nilitembea nayo konde zima. Tulipofika upande wa pili alinionyesha kigingi chenye mshale wa rangi ya manjano. Huo ni wa wendao kwa miguu, wa buluu ni wa wapanda farasi pia. Akatoa ramani mfukoni, na humo njia zote hizo zimechorwa kwa vidoto vya kijani, zinapita makondeni, nyuma ya nyumba, kando ya mito, ndani ya mali za watu. England na Wales zina kiasi cha kilomita 225,000 za njia hizo. Baraza la jimbo lalazimika kisheria, tangu mwaka 1949, kuweka ramani rasmi inayozitaja. Mkulima akilima juu ya njia inayokata konde, ana siku 14 za kuirudisha iwe inapitika. Akitia kufuli, watu humshitaki.

La ajabu zaidi ni jinsi njia inavyozaliwa. Ikiwa watu wamepita mahali kwa miaka 20, waziwazi, bila ya kutumia nguvu na bila ya kuomba ruhusa, na mwenye ardhi hakuonyesha kuwa hataki, sheria yaichukulia kwamba ameitoa kwa umma. Yaani nyayo zenyewe ni hati. Na ushahidi wake si karatasi ya serikali, ni wazee. Huitwa wakajaza fomu: ulianza kupita hapa mwaka gani, ulikuwa ukienda wapi, palikuwa na kilango au hapana, alipata mtu kukuzuia?

Nilipomuuliza yule mzee mbona hutembea hapo kila Jumapili hata mvua ikinyesha, alisema njia isiyopitwa huota miiba, na ikishaota miiba watu husema haikuwapo. Mfukoni mwake alikuwa na mkasi wa bustani. Kila tulipofika penye matawi ya miiba yaliyoinama njiani aliyakata, akayatupa kando, akaendelea na mazungumzo. Chuoni tulifundishwa kwamba imani ina matawi zaidi ya sabini, na la chini yake ni kumwondolea mpita njia kitu cha kumuudhi. Mzee huyu aliniambia mwenyewe kuwa haendi kanisani wala popote. Sikuwa na la kumwambia. Nilimshikia matawi akakata.

Kutoka mlimani, mji wote ulionekana, na katikati yake mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria uliochongoka futi 193 kwenda juu. Ukipotea makondeni wautafuta huo, kama nahodha atafutavyo alama ya bandari.

Lakini naomba msomaji asidhani njia hizi ni zawadi ya ukarimu wa Kiingereza. Mimi nilidhani hivyo kwa siku moja, mpaka mzee aliponipa vitabu. Katika karne ya 18 na ya 19 Bunge lao lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ua ardhi zilizokuwa za watu wote. Maskini waliokuwa wakilisha mbuzi na kuokota kuni wakaamka wakakuta ukuta. Common ya Saffron Walden ni katika vilivyosalimika. Na hata kutembea tu kulipiganiwa. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mamia kadhaa, wengi wao wafanya kazi wa Manchester, walipanda mlima Kinder Scout, katika Derbyshire, ambao mabwana wakubwa walikuwa wameufunga ili wawinde ndege. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Watano walifungwa jela, kati ya miezi miwili na sita. Mwaka huo huo Bunge likaiandika wazi ile kanuni ya miaka 20. Mwaka 2000 ikaja sheria ya kuwaruhusu watu kutembea huru katika milima na nyika zilizo wazi, lakini sheria hiyo hiyo ikaweka siku ya mwisho ya kusajili njia za kale zisizo katika ramani: tarehe 1 Januari 2026. Baadaye ikasogezwa hadi 2031, na Desemba 2024, nilipokuwa nimekwisha kurudi nyumbani, serikali ikatangaza nia ya kuiondoa siku hiyo kabisa. Yule mzee aliniandikia barua kunipa habari hizo, kurasa mbili, kama mtu aliyepata mjukuu.

Nami niliposoma barua ile nilifurahi naye, kisha nikaona uchungu. Maana mwaka 1908 watawala waliotoka nchi hiyo hiyo walileta pwani yetu sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani aje na dai lake na ushahidi wake, katika muda uliowekwa, na isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Kiingereza. Waliokuwa na karatasi walipata hati, na tuseme kweli, baadhi ya waliopata walikuwa wazee wetu sisi, na baadhi yao waliuza. Wasiokuwa na karatasi, ambao ushahidi wao ulikuwa mnazi uliopandwa na babu, kaburi la bibi na njia ya kuendea kisimani, hao hawakupata kitu. Wengi wao walikuwa Mijikenda. Wajukuu wao ndio leo tunawaita maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Najua njia si shamba, na haki ya kupita si haki ya kumiliki. Lakini nchi ambayo kwao unyayo wa mtu wasikilizwa mahakamani, ilipofika kwetu ilitaka karatasi tu. Jambo hilo sikulijua mpaka nilipovaa mabuti ya marehemu yule.

Na hatuwezi kumlaumu Mwingereza mpaka kesho. Mtaani kwetu palikuwa na njia ya kutoka chuoni kwenda baharini, upana wake watu wawili. Tulipita hapo kila alasiri kwenda kuosha mbao zetu za kuandikia na kuogelea. Wavuvi walipita na madema, mabibi walipita na makuti ya kuloweka. Yapata miaka kumi na tano iliyopita ukajengwa ukuta, kisha lango, kisha akaja bawabu. Bawabu ni kijana mpole, hana kosa, aniita Mzee. Mimi ni mwandishi wa magazeti tangu ujana wangu. Nimeandika juu ya mashairi, nimeandika juu ya mpira, nimeandika juu ya bei ya nazi. Juu ya ukuta ule sikuandika hata mstari mmoja. Nilianza kupita barabarani, nikazunguka, nikazoea.

Niliporudi nilikwenda katika afisi moja kuuliza kama njia ile imo katika ramani. Nikaambiwa nije wiki ijayo. Nimekwenda wiki ijayo nne. Safari ya mwisho niliulizwa mimi ni nani hasa na kile kiwanja chanihusu nini, nikajibu kuwa kiwanja hakinihusu, naulizia njia. Karani akanitazama kama nilivyomtazama mimi yule mzee pale kondeni.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Nawaendea wazee mmoja mmoja nikiwauliza yale maswali ya fomu: ulianza kupita mwaka gani, ulikuwa ukienda wapi, nani alikuzuia. Hadi leo nimepata kumi na mmoja. Wawili hawaoni tena. Bibi mmoja kati yao, aliyekuwa akiloweka makuti, hakukumbuka mwaka wowote, lakini alinihesabia hatua kutoka mkwaju wa chuoni mpaka maji yanapoanza, na akanitajia ni hatua ya ngapi palipokuwa na jiwe la kujikwaa. Jiwe lile nalikumbuka. Nina kovu lake mguuni. Nimeliandika.

Aliyepata kupita njia hiyo, na aje nimwandike.